Mkono Uliokuwa Juu ya Mpira

Arusha,
Jumapili, baada ya misa ya pili

Mke wangu Hyasinta,

Pokea salamu nyingi wewe pamoja na huyo mgeni wetu ambaye bado sijamwona. Hali yako ikoje tangu ujifungue? Maziwa yanatoka vizuri? Na kile kizunguzungu ulichoniandikia, kimekwisha au unanificha? Mama mkwe mpe Shikamoo yangu, umwambie asikuruhusu kwenda kufua ziwani kabla hujapata nguvu, maana nakujua, hukawii kujifanya umepona. Mimi ni mzima wa afya, isipokuwa sikio la kushoto ambalo limevimba kama andazi na halitaki kurudi. Sababu yake utaisoma humu.

Barua yako ilifika Jumatano. Niliisoma nimesimama nyuma ya banda la kufungashia maua, na nilipofika pale ulipoandika kwamba ni wa kiume, na ana nywele nyingi mpaka mkunga akacheka, nilikaa chini juu ya ndoo. Wenzangu walidhani nimepata msiba. Nilipowaambia ni mtoto, wakanimwagia maji ya waridi yaliyokuwa kwenye mapipa, na msimamizi akajifanya haoni. Ungeishia hapo, Hyasinta, hakuna mtu hapa Arusha ambaye angekuwa na raha kunishinda.

Lakini ukageuza ukurasa. Huko nyuma nikamkuta Lameki, huyu wa kijijini kwenu ninayefanya naye kazi hapa shambani. Lameki ametajwa redioni. Lameki ameifungia Tanzania. Watu wa Chiwanda wamekusanyika nyumbani kwa mjomba wako kusikiliza habari za michezo, na wazee wametikisa vichwa kwa furaha, na wewe mwenyewe umetoka nje na uzazi wako ili usikie vizuri. "Lameki wetu," umeandika. Huyo "wetu" nimemtafakari tangu Jumatano. Jina lake limejaa ukurasa mzima, langu nimelikuta juu ya bahasha. Halafu ndipo unaniomba nikubali awe baba wa ubatizo wa mtoto wetu, kwa kuwa padri anakuja kigangoni kabla ya Kwaresima na hatarudi upesi. Na mwishoni kabisa, kama mtu aliyesahau chumvi, unaniuliza: "Na wewe siku hiyo ulicheza, au ulikuwa unatazama?"

Nilicheza, mke wangu. Nilicheza dakika zote, tangu filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho.

Kwa kuwa redio haikusema, nitasema mimi. Mchezo wenyewe nilikueleza nilipokuja kukuoa: mpira una umbo la yai, unabebwa mikononi, kumpasia mwenzako lazima awe nyuma yako, na ukitaka pointi za trai sharti uufikishe mpira nyuma ya mstari wa wapinzani na kuugusisha chini kwa mkono. Usipougusisha chini, hata ukiubeba mpaka Moshi, hujapata kitu. Mimi ni wa mstari wa mbele kabisa, katikati, kwenye ule msukumano uitwao skramu. Vichwa vyetu vinaingia katikati ya vichwa vya wapinzani, mpira unatupwa chini, nami naukokota kwa kisigino kuurudisha kwa watu wangu. Huko chini hakuna anayekuona. Hata mama yako mzazi angekuwepo uwanjani angeona makalio tu. Lameki yeye ni winga. Winga husimama pembeni kabisa, nguo safi, nywele zimechanwa, anangoja sisi tumalize kuumia ili apewe mpira akimbie.

Jambo jingine ambalo hukulijua ni hili. Siku kadhaa kabla ya mechi na Waganda, bosi wetu wa shamba, yule Mzungu wa Afrika Kusini tunayemwita Bwana Mirija kwa sababu hana habari nyingine ila mirija ya kumwagilia, aliniita mimi na Lameki. Yeye ndiye pia kocha wa klabu yetu. Akasema msimu wa maua umekaribia na hawezi kuachia watu wawili, lakini yule kati yetu atakayecheza vizuri zaidi atapewa likizo ya wiki mbili na nauli ya kwenda na kurudi. Wewe ulikuwa umebakiza siku chache. Nilihesabu kichwani kwamba ningefika Chiwanda mtoto akiwa bado mchanga. Nilikuwa nimepanga nisikuandikie, nije tu, nikukute umekaa kibarazani. Kwa hiyo nilipoingia uwanjani Waganda hawakuwa wapinzani wangu peke yao.

Mechi ilikuwa ngumu. Waganda ni wazito na wana mazoea na mchezo huu kuliko sisi. Wakatutangulia, tukawafuata, wakatutangulia tena, na ilipobaki kidogo tu tulikuwa nyuma, sisi kumi na mbili, wao kumi na tano. Tukapata skramu karibu kabisa na mstari wao. Kapteni wetu, sajini mmoja wa jeshi, akanishika shingo akasema, "Otmari, huu mpira usitoke. Tuingie nao hivyohivyo." Nikaukokota, wenzangu wakaufungia katikati ya miguu, tukaanza kusukuma. Tukaenda hatua mbili, tukakwama. Waganda walikuwa wameshikamana, hawasogei. Nilikuwa nasikia mbavu zangu zikilia.

Hapo Lameki akafanya kosa ambalo mtu wa ufukweni tu ndiye angelifanya. Winga haachi pembeni kwake. Hilo ndilo jambo la kwanza tunalofundishwa, kwa sababu mpira ukiponyoka, wapinzani watapita pale alipopaacha mpaka kwenye mstari wetu. Lakini yeye aliona watu wamekazana na kitu hakiji, basi akili yake ikarudi Chiwanda. Si unajua wavu unapokwama kwenye mawe, jinsi watu wanavyoacha vyungu jikoni wakakimbilia kamba? Ndivyo alivyokuja. Nilimsikia kabla sijamwona, anaita kwa Kinyasa ile sauti yenu ya kuvutia wavu, akatuingia kwa bega nyuma yangu. Nasi tukaanza kwenda kwa kuifuata sauti yake, hata Mmasai wetu ambaye Kinyasa hakijui na ziwa hajaliona.

Tukaanguka wote kwenye mstari, lundo la watu. Mimi nilikuwa chini kabisa, mpira tumboni mwangu, uso kwenye chokaa, na mikono yangu yote miwili imebanwa na miguu ya watu. Nilikuwa nimeufikisha lakini siwezi kuugusisha. Nilijaribu kulala juu yake, Mganda mmoja akanizuia kwa goti. Halafu ukaja mkono kutoka juu, mwembamba, una kovu la ndoana kwenye kidole gumba. Ukaukandamiza mpira kwenye chokaa. Refa akapiga filimbi, trai, kumi na saba kwa kumi na tano, na Lameki akasimama na mpira mkononi mbele ya watu wote na mbele ya yule bwana wa redio. Mimi niliinuliwa baadaye, natoka damu sikioni.

Hiyo ndiyo habari mliyoisikia kwa mjomba.

Basi Bwana Mirija alisafiri kwenda kwao siku ya pili yake, akarudi juzijuzi tu. Ijumaa jioni, siku mbili baada ya barua yako, akatukusanya wachezaji wa klabu, ambao ndio karibu nusu ya timu ya taifa, tukakaa majanini. Ana desturi yake: mchezaji mmoja mmoja anatajwa, na kila mwenye neno analisema mbele ya mwenyewe. Kuna watu wamelia pale.

Wakaanza na Mika, Mmeru wetu anayesimama nyuma ya wote. Mika anauza mitumba sokoni na ana mikono ya kudaka kila kinachorushwa. Siku ile aliudaka kila mpira uliopigwa juu isipokuwa mmoja, na huo mmoja ulitupatia matatizo, lakini wote tulisema alicheza vizuri na mimi nikasema kwa sauti kubwa kuliko wengine. Mpiga mateke wetu, mwalimu wa shule ya msingi, alikosa mateke mawili mepesi ambayo mtoto angepiga. Akajitetea kwamba upepo. Tukamwambia upepo ulikuwa upande wake. Mmasai, ambaye ni mlinzi wa usiku na anasukuma upande wangu wa kulia, alisinzia kipindi cha kwanza chote. Mpaka Mganda alipomkanyaga mguu ndipo akaamka, na tangu hapo akawa kama watu wawili. Kapteni alisifiwa na kila mtu, naye ana haki, ingawa mimi naona anapiga kelele mno. Unaona, Hyasinta, ninavyowapa watu haki yao. Sina choyo.

Halafu wakamtaja Lameki.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilisema amekosa kumwangusha mtu mara mbili, na mara ya pili Waganda walipata trai kwa sababu yake. Nilisema anashika mpira kwa mkono mmoja kwa maringo. Nilisema aliacha nafasi yake, na kama mpira ungeponyoka leo tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Yote hayo ni kweli tupu. Lameki alikuwa ananisikiliza ametulia, anatikisa kichwa kukubali, na hilo ndilo linaloniudhi kwake kupita yote. Angejitetea kidogo ningepata nafuu.

Nikatajwa mimi. Hapo, mke wangu, ungekuwepo. Kapteni akasema skramu zetu zote siku ile zilisimama kwa sababu ya Otmari. Mwalimu akasema Otmari alikokota mpira hata mara moja ambapo Waganda ndio waliourusha. Mmasai alinyoosha kidole tu kwenye sikio langu. Kisha kapteni akaongeza kwamba ile trai ya mwisho, kwa maoni yake, ni yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyeingia na mpira na yeye aliuona mpira chini yangu. Wengine wakasema hapana, refa aliona mkono, na Lameki ndiye aliyenyanyuka nao. Wakagawanyika hivyo, huku wengi na kule wengi.

Lameki akaomba kusema. Akasema kwa ile sauti yake ya upole, "Tulikuwa wawili. Mpira ulikuwa tumboni kwa shemeji." Ananiita shemeji kwa sababu yako, na kila akiniita hivyo nasikia vibaya. Bwana Mirija akasema likizo haikatwi vipande viwili. Akanigeukia mimi, kwa Kiswahili chake cha shida. "Otmari, wewe ulikuwa chini pale. Mkono wa nani?"

Hakuna aliyejua ila mimi. Lameki mwenyewe nafikiri hakuwa na hakika, kwa jinsi tulivyolaliana. Ningesema wangu, hapangekuwa na mtu wa kunipinga, na kapteni alikuwa ameshanifungulia mlango. Nikazifikiria zile nywele nyingi. Nikafikiria kesho yake nikiwa ndani ya basi, Makambako, Songea, Mbinga, nashuka milima kuelekea ziwani.

Nikasema mkono ulikuwa wa Lameki.

Usije ukawasomea watu hapo ukasema mume wangu ni mtakatifu. Sikusema kwa wema. Unakumbuka ile asubuhi nilipokuja kwenu mara ya kwanza kuchumbia, nikapita ufukweni nikashika kamba ya wavu kidogo tu kwa heshima, ili nisionekane mtu wa milimani asiyejua kazi? Wavu ulipofika, Lameki ndiye aliyegawa samaki, na kwa desturi yenu kila aliyegusa kamba hupewa chake. Akaniletea mbasa mkubwa kuliko wote mbele yako, na wewe ukacheka mpaka ukashika tumbo, maana nilikuwa nimevuta kwa kukaa chini. Ulikuwa unacheka naye, Hyasinta. Nilikula yule mbasa kwa mama yako, na mpaka leo naona hajashuka. Sisi wa Matiri hatugawani hivyo. Kila mtu ana kipande chake mlimani, ana ngolo zake, yale mashimo yetu ya kulimia, alizochimba yeye na mkewe, na mahindi yanayotoka humo hakuna anayekuja kukwambia nilipita nikagusa jembe. Sasa nije nimwone mtoto wangu wa kwanza kwa mkono wa Lameki? Nije nimbebe huku najua kwamba hata hiki nimepewa na yeye? Nilimwonea wivu mno hata nikashindwa kumwibia.

Basi Bwana Mirija akampa likizo. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, kidogo.

Tulipokuwa tunarudi kambini Lameki alinifuata akaniambia niende mimi, yeye atazungumza na Mzungu. Akasema mke wake hajaoa bado, akataka kucheka kwa kukosea, kumbe alitaka kusema yeye hajaoa bado na hana mtoto anayemngoja. Nikamwambia atangulie, nina kazi ya mirija. Jana Jumamosi nilimwendea Bwana Mirija mwenyewe nikamuuliza kama naweza kwenda bila nauli, kwa gharama yangu. Akasema nikiondoka msimu huu nisirudi. Nami nikikosa kazi hii tutakula nini? Kahawa ya Matiri unajua ilivyo tangu ushirika udhoofike: wanunuzi wa binafsi wanakuja na magari mpaka uani, wanataja bei wanayotaka, na mbolea sasa inauzwa kama dawa ya hospitali. Baba amekonda kwa mawazo. Sithubutu.

Kwa hiyo Lameki anaondoka kesho alfajiri, na barua hii anayo yeye. Nimeibandika vizuri kwa uji wa muhogo. Ikifika imefunguliwa niambie. Ana mfuko pia: humo kuna blanketi la mtoto, kanga doti moja, sabuni, na shuka la mama mkwe. Fulana ndogo ya njano ni ya timu yetu, Mmasai ndiye aliyeitoa, hata sijui aliipata wapi.

Kuhusu ubatizo, nimekubali. Nimekubali kwa sababu umeomba, na kwa sababu ni kweli ni mtu mwema, jambo ambalo nimelitafutia dosari mwaka mzima nisiipate. Lakini sikiliza masharti yangu. Jina ni Kaspari, la baba yangu, na Lameki lisiwemo hata kama jina la pili. Akihadithia mechi kwa mjomba, na najua atahadithia kila jioni, wewe uwepo, na akifika pale kwenye skramu umuulize sikio la Otmari likoje. Mumuulize pia mpira ulikuwa tumboni mwa nani. Atasema kweli, hana ujanja wa kusema vingine. Asikae kwenye kile kiti changu cha kamba. Na usitoke nje kumlaki; akikukuta jikoni inatosha.

Jambo moja zaidi. Kabla hajafika, kabla hata hajashuka Mbamba Bay, mchukue mtoto asubuhi umwambie kwamba baba yake yuko Arusha na anakuja msimu ukiisha. Hatasikia, najua. Umwambie tu. Naona vibaya kwamba mwanamume wa kwanza kutoka huku kumshika awe ni yeye.

Nisalimie mama mkwe tena, na mjomba wako mwenye redio, mwambie namwombea betri ziishe. Nisalimie pia mdogo wako anayesoma, akaze masomo. Ukipata mtu wa kwenda Matiri, ampe baba na mama Shikamoo zangu, na kaka yangu mkubwa ambaye ananitunzia mibuni asiache kupogolea. Mkunga aliyecheka nywele mwambie ahsante. Katekista wa kigango mwambie nimemkabidhi mtoto kwake siku hiyo, amsimamie.

Siku ya ubatizo utampa Lameki mtoto ambebe mbele ya padri, kwa kuwa ndiyo taratibu na sina la kufanya. Ila mtoto akilia mikononi mwake, nakuomba, mke wangu, usikimbilie kumnyamazisha.

Ni mimi mume wako,
baba yake Kaspari,
Otmari